Milioni Moja na Tisa

Theodosia Manirambona hakuwahi kuona faida ya kukaa. Hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, na pale Rungwe Mpya, ambako alikuwa bibi shamba wa kata, wakulima walishazoea kuelekezwa na mtu anayeongea huku akiondoka. Lakini wiki ile ya namba ya Immakulata alijishangaa mwenyewe. Alifagia ua uliokuwa umefagiwa. Alipepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa. Akisikia simu inalia kwa jirani, alishika ya kwake.

Immakulata, mwanawe wa kwanza, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata C ya hesabu. Serikali ikampangia darasa la historia na lugha. Sasa, Immakulata na historia walikuwa hawasalimiani. Alitaka fizikia, kemia na hesabu, na mama yake alitaka hivyo hivyo, pengine kumzidi. Ilikuwepo shule moja ya binafsi Kibondo iliyobakiza nafasi moja katika mchepuo huo, na mlango wa nafasi hiyo ulishikwa na mwalimu wa hesabu aliyeitwa Ridhiwani.

"Hiyo C nimeiona," Mwalimu Ridhiwani alisema kwenye simu, mama na mwana wameinamia spika. "Sitaijadili. Binti aniletee namba tasa inayozidi milioni moja. Aitafute mwenyewe, asiichukue mtandaoni. Kikokotoo ruksa. Kusaidiwa ruksa pia, hesabu haina wivu. Ila ajue kila kilichofanyika, na anieleze, pamoja na baki ya kila mgawanyo. Jumatatu, kabla ya saa sita mchana."

"Na akikosea?" Theodosia aliuliza.

"Akikosea, mama, historia nayo si ugonjwa."

Simu ikakatwa. Theodosia alitaka kumpigia tena amwambie maneno, Immakulata akamnyang'anya simu.

Namba yenyewe Immakulata aliichagua jioni ile ile: milioni moja na tisa. Aliipenda kwa sababu ni elfu mara elfu, ukaongeza tatu mara tatu. "Ina sura nzuri, mama."

"Sura nzuri hailimi. Ni tasa?"

"Ndicho tunachotafuta."

Theodosia alikuwa na stashahada ya kilimo na hesabu za mbolea hazikumsumbua, lakini hili alitaka alielewe kwa mikono yake. Immakulata akamwelezea kwa miche. Ukiwa na miche kumi na miwili, unapanga safu tatu za minne na shamba linakaa sawa. Ukiwa na kumi na mitatu, upange safu mbili, tatu, nne, tano, daima kuna mche utabaki mkononi. Njia pekee ni mstari mmoja mrefu. Kumi na tatu ni tasa. Sasa fikiria miche milioni moja na tisa.

"Tutajaribu safu zote hizo?" mama aliuliza. "Tutazeeka."

"Hapana. Namba mbili zikizidishana zikaleta milioni na kidogo, haziwezi zote mbili kuzidi elfu. Moja lazima iwe fupi. Tukiitafuta fupi tukaikosa, ndefu nayo haipo. Na tunajaribu zile ambazo zenyewe ni tasa tu. Chini ya elfu ziko mia moja sitini na nane."

Mia moja sitini na nane. Theodosia akacheka. Ile haikuwa hesabu, ile ilikuwa kazi. Na kazi ilikuwa na wenyewe.

Jumamosi ilikuwa zamu ya kikundi cha Dufashanye, yaani Tusaidiane, kulima kwake. Wanawake tisa na yeye, miaka saba wakizunguka shamba hadi shamba, kila mmoja akipewa ngwe yake ya kulima. Walifika na majembe begani, wakakuta mikeka bandani na vipande vya karatasi.

"Leo hamlimi," Theodosia alitangaza. "Leo mnagawanya."

"Tunagawanya nini, na wewe hujachinja?" aliuliza Mwamvua, muuza vitenge, ambaye alikuja Dufashanye kwa ajili ya mihogo na akabaki kwa ajili ya maneno.

Immakulata akawaelezea. Mama Nkunzimana, aliyewazidi wote umri, alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Namba tasa? Yoo! Nani kaipa jina hilo? Kitu kimekataa kugawanywa, basi mmekitukana."

Walipokwisha kucheka, Theodosia akagawa ngwe. Kila mtu alipewa mia yake. Immakulata alichukua namba tasa za chini ya mia, Safina akachukua mia moja, mwingine mia tatu, mwingine mia nne, Mwamvua akaangukia mia saba, hadi Mama Nkunzimana aliyepewa mia tisa. Mmoja alikuwa amebaki nyumbani na mtoto mgonjwa, na hesabu ya watu ikatimia vizuri. Wenye simu walitumia simu. Mama Nkunzimana alitumia mkaa na sakafu ya banda, akigawanya kwa mkono kama alivyofundishwa darasa la nne, na hakuwa wa mwisho kumaliza. Theodosia alikuwa jikoni. Mwenyeji halimi, anapika. Ndiyo desturi.

Ilipofika alasiri, vikapatikana vikaratasi vilivyojaa baki. Hakuna aliyepata namba iliyogawanya bila baki. Theodosia akavikusanya, akavikunja, akavitia kwenye mkoba wake visije vikaloa.

"Mama, imekwisha?" Immakulata aliuliza. "Hakuna iliyogawanya?"

"Imekwisha, mwana wanje. Hakuna."

Binti alimkumbatia mbele ya watu, kitu ambacho hakukifanya tangu darasa la tano. Jumapili walikwenda kanisani, wakafua, wakapiga pasi.

Jumatatu alfajiri waliondoka na Saady, mume wa Mwamvua, aliyekuwa akipeleka sabuni na mafuta ya kula Kibondo kwa pikapu yake. Saady alizaliwa Ujiji, wazee wake wa Pangani, na alikuwa dereva wa kuongea. Immakulata alikaa katikati, macho kafumba, midomo ikirudia maelezo yake. Theodosia alikaa dirishani akihesabu kila gari lililowapita.

"Mke wangu Jumamosi karudi vidole vimekufa ganzi," Saady alisema walipokuwa wameiacha Makere nyuma. "Eti mia saba zimemmaliza. Nikamwambia, Mwamvua, tangu lini ukagawanya kitu zaidi ya pilau?"

"Kafanya kazi nzuri."

"Na wewe, Mama Ima, ulijipa ngapi?"

"Mia mbili. Ila mimi nilikuwa napika."

"Eeh, nilisahau, mwenyeji halimi. Hiyo ya kwako si huwa unailima mwenyewe wakishaondoka? Lini sasa?"

"Jumapili ni ya Mungu. Huwa nalima Jumatatu alfa—"

Saady alisubiri, kisha akaanza habari ya bei ya mafuta. Theodosia hakumsikia. Miaka saba, shamba lolote la Dufashanye likisemwa limekwisha, ngwe ya mwenyeji haihesabiwi. Ile iliyo karibu na nyumba, kila mtu anaiacha bila kuambiwa, kwa heshima, na mwenyeji anaimaliza peke yake asubuhi ya Jumatatu. Wanawake wote walijua mia mbili ni za Theodosia. Theodosia alijua ni zake. Na aliposema imekwisha, alikuwa amesema kama anavyosema siku zote.

Alimtazama binti yake. Alikuwa bado amefumba macho, shati jeupe, kola imenyooka.

Namba tasa kati ya mia mbili na mia tatu ni kumi na sita tu. Theodosia akajigeuza dirishani, akatoa simu. Angezimaliza kabla ya Kibondo, angeandika baki zake, na hakuna ambaye angejua. Mia mbili na kumi na moja: ikabaki themanini. Vizuri. Mia mbili ishirini na tatu: sabini na saba. Gari likaruka, kidole kikakosea, akaanza upya. Aliandika kwa kalamu nyuma ya karatasi ya Safina. Mia mbili hamsini na moja ikabaki ishirini na tano. Mia mbili sabini na moja ikabaki kumi na tisa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naangalia salio."

Ya mwisho ilikuwa mia mbili tisini na tatu. Aliandika, akabonyeza. Simu ikasema elfu tatu mia nne na kumi na tatu. Alisubiri nukta. Hakukuwa na nukta. Akafuta, akaandika tena polepole, tarakimu moja moja, kama mtu anayemwandikia kipofu. Elfu tatu mia nne na kumi na tatu. Kamili. Milioni moja na tisa haikuwa tasa hata kidogo.

Angeweza kunyamaza. Hilo alilifikiria, tusidanganyane. Lakini mwalimu angeigundua hiyo namba kwa dakika moja, na atakayekuwa amesimama mbele yake ni mtoto.

"Saady, simamisha gari."

"Hapa? Busunzu hiyo mbele."

"Simamisha."

Saady akaegesha kando. Theodosia hakuzungusha maneno. "Ima, namba yako imekufa. Mia mbili tisini na tatu inaigawanya. Mia mbili zote hazikuwa zimefanywa, nilikuwa napika. Nimezifanya sasa hivi."

Immakulata alimtazama kama hajasikia. Kisha akasikia. "Nilikuuliza, mama! Nilikuuliza imekwisha, ukasema imekwisha!"

"Shamba huwa tunasema limekwisha hata kama..."

"Hili si shamba! Mimi ndiye nitakayesimama pale, si wewe! Kila kitu unataka kiishe, kiishe, kiishe!" Akampita mama yake magotini, akafungua mlango, akashuka.

"Mwache kwanza," Saady alisema kwa sauti ya chini.

Theodosia hakujua kumwacha mtu kwanza. Alishuka naye. Immakulata alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro, mgongo umegeuka, na mabega yanapanda na kushuka. Mbele yake mashamba ya mihogo yalikuwa yameteremka hadi bondeni. Mama akatembea hatua kadhaa kushoto, akarudi, akatembea kulia.

"Tunaweza kumpigia tukamwomba Jumatano," alisema.

"Nyamaza, mama."

Akanyamaza. Ilimchukua nguvu kuliko kulima.

Baadaye binti akageuka, macho mekundu, lakini uso ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta ufunguo. "Nipe karatasi. Zote."

Akazitandaza juu ya boneti ya pikapu, mama akishika pembe zisipeperuke, Saady akaweka spana juu ya zilizobaki.

"Hatuanzi upya," Immakulata alisema. "Tunazo baki. Tukitoa mbili, tunapata milioni moja na saba. Hiyo itagawanyika wapi? Pale tu palipobaki mbili."

"Sijaelewa. Niambie kwa miche."

"Umepanda miche milioni na tisa kwa safu, ukabaki na miwili mkononi. Kama tangu mwanzo ungekuja na pungufu ya miwili, si safu zingekaa sawa?"

"Ego," Theodosia alisema, na Kiha kilimtoka bila kuombwa. "Kwa hiyo tutafute baki mbili."

Hawakutafuta sana. Ilikuwa kwenye karatasi ya Immakulata mwenyewe: ishirini na tisa, baki mbili. Milioni moja na saba ikafa. Milioni moja na tano inaishia na tano, haikuhitaji hata mazishi. Milioni moja na tatu, basi.

"Sita," Immakulata alisema. "Tafuteni baki sita. Tatu na tano zina hesabu yake, hizo nimeshaziona, hazigawanyi. Kuanzia saba kwenda juu, tafuteni sita."

Watu watatu wakainamia boneti yenye moto kando ya barabara, na malori yakiwapita. Saady alisoma kwa sauti kama mnadi. "Mama Nkunzimana huyu, mwandiko kama ua la miiba. Tisini. Kumi na nane. Hakuna sita. Mwamvua, kumi na mbili! Mama weee, kumi na mbili si sita, nimeshtuka bure." Theodosia alipitia za kwake, na mara hii alizipitia mara mbili. Sabini na saba, thelathini na tatu, mia kamili, ishirini na mbili. Hakuna sita.

Sita haikuwepo kwenye karatasi hata moja.

Immakulata alizikunja mwenyewe, akaziweka mfukoni mwake, si kwenye mkoba wa mama.

Walifika Kibondo saa tano na nusu. Mwalimu Ridhiwani alikuwa mtu mfupi aliyekuwa akila karanga ofisini, na hakuacha kula walipoingia. Alimwonyesha Theodosia kiti. Theodosia akasimama mlangoni.

Immakulata alisema yote. Milioni moja na tisa, ngwe, mama jikoni, boneti. Hakumficha mtu. Mwalimu alisimama akaandika ubaoni: 972 mara 972, jumlisha 235 mara 235.

"Kokotoa."

Akakokotoa. Ikatoka milioni moja na tisa.

"Umeona? Uliipenda kwa sababu ni jumla ya namba mbili zilizozidishwa kwa zenyewe. Namba tasa inaweza kuwa hivyo, lakini kwa njia moja tu. Hiyo yako ina njia mbili. Ilikuwa inakupigia kelele muda wote. Na hii mpya, milioni moja na tatu, ina njia ngapi?"

Immakulata alifikiri, kidole hewani. "Haina. Namba ikizidishwa kwa yenyewe, ukaigawa kwa nne, inabakiza sifuri au moja. Mbili zikijumlishwa hazifiki tatu. Na milioni moja na tatu inabakiza tatu."

Mwalimu alitafuna. "Mia saba kafanya nani?"

"Ma mdogo Mwamvua. Anauza vitenge."

"Zifanye tena hapa."

Theodosia aliona chaki ikienda, baki baada ya baki, na karatasi ya Mwamvua mezani ikikubaliana. Kisha chaki ikasimama. Kwa mia saba arobaini na tatu, Immakulata alikuwa amepata mia sita sabini na nne. Mwamvua aliandika mia sita arobaini na saba.

"Sasa hilo nalo ni nini!" Theodosia alisema. "Yote mawili si sita!"

"Mama, sijakuuliza," mwalimu alisema bila kugeuka.

Immakulata aliitazama karatasi, akautazama ubao. Theodosia alimjua mwanawe. Alijua angeweza kusema lile lile alilolisema yeye, na lingekuwa kweli.

"Si sita," Immakulata alisema taratibu. "Lakini kama hapa amekosea, kwingine anaweza kuwa alikosea mwingine, na huko ikawa ni sita kweli. Kwa hiyo sijui. Bado sijui kama ni tasa."

"Saa sita kasorobo," mwalimu alisema.

"Naomba meza, mwalimu. Nizifanye zote mimi."

"Mwalimu, ulisema mwisho saa sita..." Theodosia alianza.

"Nilisema alete kabla ya saa sita. Ameleta." Mwalimu alichukua chaki zake. "Mimi nina kipindi. Kidato cha sita wananisubiri."

Theodosia akavuta kiti. "Leta mia mbili, mimi nitachukua..."

"Hapana, mama. Nenda nje ukae."

"Nikae wapi?"

"Popote. Usinisaidie."

Hivyo ndivyo bibi shamba alivyojikuta nje, katika shule asiyoijua, bila kazi. Alikaa kwenye ngazi, akasimama. Alienda kwenye bustani ya shule akakuta kabichi zimepandwa kwa kubanana, akamwambia mpishi, mpishi akamuuliza yeye ni nani. Alirudi dirishani. Immakulata alikuwa ameinama, nywele zimegusa karatasi. Hakuinua kichwa. Theodosia akatoa simu, akaandika milioni moja na tatu, akagawanya kwa mia saba arobaini na tatu, akafuta. Akaizima simu kabisa, akaitia mkobani. Saady alimaliza kushusha sabuni, akaja, akaona sura yake, akaenda kunywa chai.

Wanafunzi walitoka kula, wakarudi. Kivuli cha jengo kikavuka uwanja. Mwalimu Ridhiwani aliingia, mlango ukafungwa, na Theodosia akasimama pale pale alipokuwa, mikono kifuani, bila kusogea, kwa sababu hapakuwa na upande wa kwenda.

Immakulata alitoka na wino hadi kwenye kidevu.

"Makosa matatu," alisema. "La ma mdogo Mwamvua, moja la Safina, na moja langu."

"Na sita?"

"Hakuna. Ni tasa, mama. Sasa najua."

"Kasema nini?"

"Jumatatu ijayo nije na godoro."

Theodosia akamshika mwanawe kidevu, akamfuta wino kwa kidole gumba, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Sasa mbona uso umekunja hivyo?"

"Wenzangu wa darasa hilo walileta za tarakimu tisa."

"Godoro la inchi ngapi?" Theodosia aliuliza, akiwa ameshaanza kutembea kuelekea geti.

"Sikumuuliza."

"Basi rudi kamuulize. Mimi nasubiri hapa."